Omu 26: namba isiyoandikwa kwenye birika

Chomoa birika lako la umeme, hakikisha ni kavu, kisha ligeuze usome kitako chake. Kama ni birika la kawaida la lita moja na nusu au mbili, kuna uwezekano mkubwa utakuta mstari huu: 220–240V, 50/60Hz, 1850–2200W. Langu limeandikwa hivyo. La jirani ni la kampuni nyingine kabisa, na lenyewe limeandikwa hivyo hivyo.

Mtu akiusoma mstari huo kwa haraka anaweza kudhani mtengenezaji anakwepa swali. Sasa ni wati 1850 au ni 2200? Dukani muuzaji atakutajia ile kubwa, na mama mwenye nyumba anayegawa bili ya luku kwa wapangaji naye atachukua ile kubwa. Lakini hakuna uongo hapo. Namba hizo mbili zinaeleza kitu kimoja, ila kitu chenyewe hakikuandikwa.

Kitafute kwa kalamu. Chukua 220, izidishe kwa yenyewe, utapata 48,400. Gawanya kwa 1850, jibu ni 26.16. Sasa chukua 240, izidishe kwa yenyewe, 57,600. Gawanya kwa 2200, jibu ni 26.18. Tofauti yake haifiki hata nukta moja ya kumi. Ndani ya birika kuna koili moja tu, yenye ukinzani wa omu 26 na ushee, na koili hiyo ukiilisha volti 220 itakupa wati 1850, ukiilisha 240 itakupa 2200. Anayeamua wati si birika peke yake. Ni birika pamoja na umeme uliofika siku hiyo kwenye soketi yako.

Hesabu yenyewe tulifundishwa shuleni, wengi tukaikariri kwa ajili ya mtihani kisha tukaiacha huko huko. Volti ni msukumo, ampea ni kiasi cha mkondo unaopita, omu ni ukinzani unaokutana nao njiani. Ukinzani unaupata kwa kugawanya volti kwa ampea: R = V ÷ I. Nguvu, yaani wati, unaipata kwa kuzidisha volti kwa ampea: P = V × I. Mengine yote yanazaliwa na hayo mawili. Kama hujui ampea lakini unajua ukinzani, wati ni volti kwa volti gawanya kwa omu, ndiyo ile hesabu ya birika. Kama hujui volti, wati ni ampea kwa ampea zidisha kwa omu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayounguza nyumba, tutaifikia.

Nilitaka kuona kama koili yenyewe inakubaliana na kalamu, nikachukua malitimita, mita ya kupimia volti, ampea na omu. Ni hizi za bei nafuu zinazouzwa kwa mafundi redio, ya njano, yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati. Birika likiwa limechomolewa, nikaiweka kwenye omu 200, nikagusa vile vyuma viwili vya plagi, laivu na nyutro, nikabonyeza swichi ya birika. Ikasoma 26.5. Nikagusanisha nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe: 0.3. Toa, inabaki 26.2. Koili iliyojificha chini ya bati imetaja omu zake bila kufunguliwa hata skrubu moja.

Mtu aliyeitoa kanuni hii, Georg Simon Ohm, alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani, mtoto wa fundi makufuli. Kinachonivutia kwake si kanuni, ni shida aliyoipata kabla ya kuifikia. Alikuwa anatumia betri za zama zake, na betri hizo kila akiunganisha waya umeme wake ulikuwa unashuka kabla hajamaliza kusoma kipimo. Angepima nini kwenye msukumo usiotulia? Mwaka 1826, kwa ushauri wa mwanafizikia mwenzake Poggendorff, akaachana na betri akatumia shaba na bismuthi vilivyounganishwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka, upande mwingine kwenye barafu. Umeme wake ulikuwa mdogo sana, lakini ulitulia. Hapo ndipo uhusiano wa msukumo, mkondo na ukinzani ukajitokeza, na mwaka 1827 akautoa kwenye kitabu. Kwao walimpokea kwa ubaridi. Heshima kubwa ilikuja kutoka London mwaka 1841, Royal Society ilipompa medali ya Copley. Kwa hiyo hata mwenye kanuni naye alisumbuliwa na umeme unaoshuka. Tofauti ni kwamba sisi hatuna barafu wala bismuthi, tuna nguzo ya mtaani.

Mtaani kwetu ikifika saa moja jioni watu husema umeme umekuwa mdogo. Pangaboi linazunguka kwa uvivu, na birika linachukua muda mpaka unasahau kwamba uliliwasha. Nina kijimita cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha volti kwa namba nyekundu, na jioni mbaya, birika likiwa limewashwa, husoma 180. Piga hesabu: 180 gawanya kwa 26.2 ni ampea 6.87. Zidisha kwa 180, wati 1237. Birika lililonunuliwa kama la wati 2200 sasa ni la wati 1237, na halijaharibika. Volti zimepungua kwa robo ukilinganisha na 240, lakini wati zimepungua kwa karibu nusu, kwa sababu volti inaingia kwenye hesabu mara mbili: inapunguza msukumo, na inapunguza mkondo.

Hapa ndipo ubishi wa luku unapoanzia. Wapo wanaoapa kwamba umeme mdogo unakula uniti zaidi. Kwa birika, tuone. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 20, mpaka yachemke, inahitaji kama kilojuli 502, yaani uniti 0.14. Kwa volti 230 koili inatoa wati 2019, kazi inaisha kwa dakika nne na kidogo. Kwa volti 180 inakwenda karibu dakika saba. Uniti ni zile zile 0.14, isipokuwa kile kidogo kinachopotea hewani kwa sababu birika limekaa moto kwa muda mrefu zaidi. Luku inahesabu wati kwa muda. Wati zikipungua na muda ukaongezeka, jibu linabaki karibu pale pale. Unapoteza dakika, hupotezi uniti.

Lakini wanaoapa hawajakosea kila kitu, maana si kila kifaa ni koili. Friji lina mota. Umeme ukiwa mdogo mota inashindwa kuanza kuzunguka, inavuma tu bila kusogea, na mota iliyokwama huvuta mkondo mkubwa kuliko inayozunguka. Utasikia mvumo, kisha kidude cha kinga kinakata kwa mlio wa "tak", baada ya muda inajaribu tena. Stebilaiza, kile kidude cha kupandisha volti zilizoshuka, nayo haiumbi umeme. Kifaa cha wati 1000 kikiwa upande wa pili wa stebilaiza na ukutani zinafika volti 160, ukutani utavutwa mkondo wa ampea 6.25 badala ya 4.35 za volti 230, na hapo sijahesabu stebilaiza inachokula yenyewe. Nyumba kumi zikiweka stebilaiza ili kujiokoa, zinauvuta umeme wa mtaa chini zaidi. Taa nyingi za LED na chaja za simu hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake: volti zikishuka, zinavuta ampea zaidi ili wati zibaki pale pale. Kwa vifaa vya namna hiyo, ukigawanya volti kwa ampea utapata namba, ila namba hiyo itabadilika kila volti zikibadilika, na haikusaidii kutabiri kitu.

Zile balbu za zamani za waya zilikuwa na vituko vyake. Balbu ya wati 100 ikiwaka kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 529. Ipime ikiwa baridi, malitimita itakuambia omu thelathini na kitu, au arobaini. Waya wa tangsteni ukipata joto ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana balbu nyingi zilikuwa zinaungua pale pale unapobonyeza swichi: kwa kitambo kidogo sana zinavuta mkondo wa balbu kubwa mno. Koili ya birika imetengenezwa kwa aloi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana, na ndiyo sababu ya kuichagua kwa mafunzo haya.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Saa tisa mchana, wakati mtaa umetulia, kijimita changu kilikuwa kinasoma 224 jikoni. Nikawasha birika kwenye tundu la pili la soketi hiyo hiyo. Kikashuka mpaka 209. Nikazima, kikarudi 224. Nikawasha, 209. Nilirudia mpaka nikaridhika kwamba si mtaa unaopandisha na kushusha, ni birika langu.

Volti 15 zimekwenda wapi? Hazikupotea hewani. Birika lenye omu 26.2 kwa volti 209 linavuta ampea 8, kasoro kidogo sana. Ampea hizo 8 zinapita kwenye waya wote kutoka transfoma, nguzo kwa nguzo, mpaka ukutani kwangu na kurudi. Gawanya 15 kwa 8, unapata omu 1.88. Huo ndio ukinzani wa safari nzima. Nimeupima bila kupanda nguzo, kwa birika na kijimita.

Nikamwita fundi umeme wa mtaa, kijana makini ambaye kasoro yake ni moja tu, haamini karatasi. "Dada, hapo umeme ni mdogo tu, nyumba yako haina tatizo," akaniambia kabla hajashusha begi.

"Sawa fundi, lakini nisaidie kupima kwenye meinswichi huku mimi nawasha na kuzima birika."

Kazi hiyo nilimwachia yeye kwa makusudi. Kupima kwenye soketi kwa kijimita cha kuchomeka ni jambo moja, kuingiza vichokoo kwenye meinswichi iliyo hai ni jambo la mtu aliyefundishwa. Akafungua, akapima. Birika likiwa limezimwa: 224. Likiwashwa: 217.

Hapo karatasi ikaanza kusema. Kutoka transfoma mpaka meinswichi zinapotea volti 7, na 7 gawanya kwa 8 ni omu 0.88. Hiyo ni ya mtaa, na iko kabla ya luku, silipi mimi. Zinazobaki, volti 8, zinapotea kati ya meinswichi na soketi ya jikoni, ndani ya nyumba yangu. Omu 1 kamili. Je, waya wa nyumba unaweza kuwa na omu 1? Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una kama omu 7.4 kwa kilomita. Kutoka meinswichi hadi jikoni ni mita 15. Kwenda na kurudi, mita 30. Jibu ni omu 0.22. Waya unastahili kula volti 1.8, si 8. Volti 6 na kitu zinaliwa mahali ambapo hapajulikani, na 6.2 zidisha kwa ampea 8 ni karibu wati 50.

Nilimwonyesha fundi namba hiyo ya mwisho. Wati 50 zikisambaa kwenye mita 30 za waya, waya hautasikia. Lakini wati 50 zikikusanyika sehemu moja, ni sawa na kile chuma cha mafundi simu cha kuyeyushia risasi, kimewashwa ndani ya ukuta wangu, nyuma ya plastiki, kila ninapochemsha chai.

Akanyamaza kidogo. "Hebu tuzime yote," akasema.

Akafungua soketi. Waya wa nyutro ulikuwa umekaa kwenye tundu lake bila kubanwa. Skrubu ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiuvuta kwa vidole viwili unatoka. Ganda lake jeusi lilikuwa limekuwa gumu na kumenyeka, na plastiki ya soketi nyuma ilikuwa na doa la kahawia lenye harufu ya samaki aliyeungua, harufu ambayo miezi hiyo yote nilikuwa naidhania ya jikoni. Sakiti breka haikuwahi kuruka, na isingeruka: breka inaangalia ampea, na ampea zilikuwa 8 tu, halali kabisa. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 nayo haikuwa na sababu. Vyote viwili havioni ukinzani uliojificha kwenye skrubu. Anayeuona ni mtu mwenye vipimo viwili vya volti na kalamu.

Fundi akakata ncha iliyoungua, akamenya upya, akaweka soketi mpya, akakaza. Tukapima: 224, ikashuka 215. Volti 9, saba zikiwa za mtaa na mbili za waya wetu.

Tangu hapo ananiuliza kuhusu nyumba za wateja wake, na mimi namuuliza kuhusu mambo ambayo karatasi haiyajui. Yeye ndiye aliyenionyesha ekstensheni zinazouzwa zikiwa na waya mwembamba wa milimita 0.75 uliozungushwa kwenye gurudumu, na nyingine ambazo waya wake si shaba bali ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ukiukwangua kwa kisu, ndani ni mweupe. Alumini ina ukinzani kama mara 1.6 wa shaba kwa unene ule ule. Hata ukibahatika kupata shaba ya kweli, mita 10 za waya wa 0.75, kwenda na kurudi, ni nusu omu. Birika peke yake, ampea 8.5, linapasha waya huo kwa wati 36. Ongeza pasi ya wati 2000 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, sasa ni ampea 17. Mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne: 17 kwa 17 kwa 0.5, zaidi ya wati 144. Hii ndiyo ile hesabu ya tatu, ampea kwa ampea kwa omu, ambayo James Joule wa Uingereza aliitangaza mwaka 1841 baada ya kuzamisha nyaya kwenye maji na kupima joto lake. Waya ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu, joto hilo halina pa kutokea. Watu husema "imepiga shoti" baada ya moto, hata pale ambapo shoti ilikuja mwishoni, ganda likiwa limeshayeyuka.

Tulichobishana nacho hivi karibuni ni hita ya kuogea. Huku nyanda za juu, Juni na Julai, maji ya asubuhi hayana huruma, na hatimaye nimeinunua, ile ya papo kwa papo ya wati 5500 kwa volti 220. Gawanya: ampea 25. Volti gawanya kwa ampea: omu 8.8, theluthi moja tu ya ukinzani wa birika. Fundi alitaka waya mpya wa peke yake wenye milimita 6 na breka yake. Mimi nilikuwa naona mita 15 za 2.5 zilizokwisha kupita dari zinatosha, maana kwa birika kubadilisha waya kungeokoa volti moja tu.

Tukakaa na karatasi. Kwa waya wa 2.5, ampea 25 kwa 25 kwa omu 0.22 ni wati 138 za joto darini, chini ya bati linalopigwa na jua, na kwenye waya ambao tayari unalisha jiko na soketi nyingine. Kwa waya wa 6, wenye omu 3.08 kwa kilomita, zinabaki wati 58. Kisha tukahesabu mtaa, ule ukinzani wa 0.88 ambao hakuna fundi wa nyumbani anayeweza kuukaza. Ampea 25 zikipita hapo zinashusha volti 22, na wa nyumba ya pili, kama yuko fezi moja nami, yaani laini ile ile ya nguzo, ataona taa zake zikififia kila ninapooga. Kwa volti 224 za mchana, hita yangu itapata 201 hivi, na badala ya 5500 itatoa kama 4600. Jioni, hita yenyewe ikipata volti 180, itafika 3700 kwa shida. Kwa maji ya lita tatu kwa dakika, hiyo ni kupanda nyuzi 17 au 18 tu, kutoka 18 hadi 35 au 36. Vuguvugu.

Waya wa milimita 6 tumeuvuta Jumamosi. Kuoga nimehamishia saa kumi na moja alfajiri, kabla mtaa haujaamka kuwasha mabirika.